Kuiepua Kahawa Mapema: Swali la Tabora

Tabora hailimi kahawa. Huu ni mkoa wa tumbaku, asali, karanga na maembe, na buni zinazoingia kikaangoni hapa zimesafiri. Lakini mji umekaa kwenye njia panda, na kwa sababu hiyo zinakutana hapa kahawa mbili za Tanzania zisizofanana hata kidogo: robusta ya Kagera inayoshuka kutoka kaskazini kupitia Mwanza, na arabika ya Kigoma inayotoka magharibi. Nalitaja hili mapema kwa sababu mjadala wa kukaanga kahawa kidogo nyumbani, yaani kuiepua ikiwa bado hudhurungi badala ya kuingoja iwe nyeusi, huendeshwa kana kwamba kahawa ni moja. Mmoja anasema aliiepua mapema akapata kinywaji chenye harufu ya maua na ladha ya matunda. Mwenzake anasema alifanya hivyo hivyo akaishia kunywa maji ya nyasi kavu. Wote wawili wanasema kweli. Walikaanga vitu tofauti.

Kabla ya kuisema vibaya kahawa nyeusi, tuangalie kwanza inafanya kazi gani. Kahawa ya kijiweni, iwe Isevya, Ng'ambo au pembeni mwa soko, haichujwi kwa karatasi wala hainywewi kwa bilauri kubwa. Inachemshwa ndani ya dele, dele linakaa juu ya mkaa tangu alasiri mpaka usiku, na muuzaji anamimina kikombe kimoja kimoja kadiri wateja wanavyokuja. Buni iliyokaangwa mpaka ikatoa mafuta huvunjika kwa urahisi. Kinu na mchi huiponda bila taabu, na maji huikamua haraka. Rangi inatoka nzito, uchungu unatoka wote mapema, na kuchemka tena na tena hakuleti hasara kubwa, kwa kuwa zile ladha za hila zilikwisha kuungua tangu kikaangoni. Tangawizi inapata pa kusimama. Kashata ya karanga nayo, kwa sukari yake, inataka mwenzi mchungu. Ukiipa kahawa yenye uchachu, zote mbili zinaharibika. Muuza kahawa anayeepua mapema angelazimika kutia unga mwingi zaidi ili apate uzito ule ule, na dele lake lingekuwa limechachuka kabla ya adhana ya isha. Kwa hiyo mtu asiende kijiweni kumfundisha mwenzake kazi.

Weusi huo una kazi nyingine isiyosemwa sana: unaficha. Buni ya mwaka juzi, iliyopata unyevu ghalani, iliyotobolewa na wadudu, iliyochumwa ikiwa changa, zote zikifika mwisho wa moto hufanana. Moto ukipita kiasi fulani, kinachoonjwa ni moto wenyewe. Hii ndiyo sababu duniani kote kahawa ya bei ya chini hukaangwa sana. Anayetaka kuepua mapema ajue kwamba anavua pazia, na kilichokuwa nyuma yake kitaonekana, kizuri au kibaya.

Watu wakisikia habari hizi hudhani ni fasheni ya Ulaya iliyotuingilia kwa simu. Ni kweli kwamba wakaangaji wa Skandinavia ndio waliovuma nayo zaidi katika miaka ya karibuni. Mnorwe Tim Wendelboe, bingwa wa dunia wa utayarishaji wa kahawa mwaka 2004, alifungua duka lake Oslo mwaka 2007 na kahawa yake ya moto mdogo ikaigwa mbali. Wafini, ambao ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, walikuwa wakiipenda hivyo muda mrefu kabla yake. Lakini kwenye njia yetu ya misafara kulikuwa na kahawa isiyokaangwa kabisa.

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, katika Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, wakapokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton anaieleza kahawa ya Karagwe, iliyoitwa mwami: punje ndogo zilizotiwa kwanza katika maji ya moto, kisha zikatafunwa. Haikunywewa. Karagwe ilikuwa kwenye tawi la kaskazini la njia. Kutoka Unyanyembe misafara ilipanda hadi kwa mtawala wake, Mukama Rumanyika, na kutoka huko hadi Buganda. Desturi ya kutafuna haijafa. Katika nchi ya Wahaya buni huchumwa zikiwa bado changa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa, na mgeni akifika huwekewa azitafune. Katika kuchanjiana udugu, buni ziligawanywa kati ya wale wawili. Kwa lugha ya wakaangaji, hiyo ni kahawa ya moto sifuri.

Waarabu wa Kazeh, wengi wao wakiwa na asili ya Oman, walikuwa wakipokea kutoka pwani bidhaa na anasa zao, na kwao kahawa ilikuwa ni kinywaji: ya kukaangwa, kupondwa, kuchemshwa na kumiminwa kwa mgeni. Wengi hudhani kwamba weusi wa kahawa yetu ulitoka huko moja kwa moja. Sina hakika ya hilo hata kidogo, kwa sababu Arabuni kwenyewe rangi si moja. Najd, katikati ya Saudia, buni huepuliwa zikiwa na rangi ya dhahabu, zikachemshwa na iliki nyingi, na penye uwezo na zafarani. Mahali pengine pa Ghuba moto huzidi. Mwaka 2015 UNESCO iliiandikisha kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa ombi la pamoja la Falme za Kiarabu, Saudia, Oman na Qatar, na kilichotambuliwa ni ukarimu na adabu ya kumimina. Kwa hiyo anayesema kahawa ya asili ni nyeusi, asili anayoitaja ni ya kijiwe chake. Ipo ya kutafuna, ipo ya dhahabu, ipo nyeusi. Zote zimepata wenyewe kwenye njia hizi za biashara au ng'ambo ya bahari zilikoanzia.

Misafara ilipokwisha, reli ilifuata nyayo zake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Ukiitazama ramani, tawi la kwanza linaelekea Ujiji na la pili linapanda kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake ni Bukoba, kama zilivyokuwa njia za wapagazi. Na ndizo njia za kahawa zetu mbili.

Sasa tuingie kikaangoni, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Buni iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 11 au 12 hivi. Dakika za mwanzo moto unafanya kazi moja tu ya kuyafukuza maji hayo. Buni inatoka kijani, inakuwa ya manjano, inanukia nyasi kavu na baadaye mkate. Kuanzia nyuzi 150 hivi, sukari na protini zilizomo zinaanza kuungana, na hapo unazaliwa uhudhurungi na sehemu kubwa ya harufu tunayoiita ya kahawa. Karibu na nyuzi 200 mvuke uliobanwa ndani unaipasua buni, nayo inalia kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Ukiendelea, unapita kimya kifupi, kisha kwenye nyuzi 225 hivi unaanza mlio wa pili, mdogo na wa haraka zaidi, na mafuta yanatoka juu ya ganda. Kahawa ya kijiwe imeupita mlio huo. Kahawa iliyokaangwa kidogo imeepuliwa kati ya mwanzo wa mlio wa kwanza na mwisho wake, kabla kimya hakijatanda.

Kinachobadilika katika dakika hizo chache ni kingi. Asidi za buni, zile zinazoleta uchachu wa limau au wa zabibu, zinavunjika kadiri moto unavyoendelea. Sukari inaungua ikawa uchungu. Ladha ya shamba inapungua na ladha ya moto inapanda. Kuepua mapema ni kuamua kwamba ladha ya shamba inastahili kusikika. Basi swali linarudi kwenye shamba: lina nini cha kusema?

Arabika ya Kigoma inalo. Inatoka kwenye nyanda za juu za Kalinzi na Manyovu, upande wa mpaka wa Burundi, juu sana kuliko Ziwa Tanganyika ambalo lenyewe liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Baridi ya mwinuko huchelewesha kuiva kwa tunda, na buni inakuwa ngumu na yenye asidi nzuri. Wakulima wengi huko wako katika vyama vya msingi vilivyoungana chini ya Kanyovu, na kahawa yao humenywa, huvundikwa na kuoshwa kabla ya kuanikwa. Arabika huwa na sukari nyingi kuliko robusta na kafeini karibu nusu ya ile ya robusta. Ukiiepua mapema, na ikiwa ni ya msimu mpya, utapata uchachu safi na utamu unaobaki ulimini. Ukiifikisha weusi, umenunua kitu ghali ukakichoma.

Robusta ya Kagera ni habari nyingine. Kwa kawaida huanikwa na maganda yake, ikakobolewa baadaye. Ina sukari kidogo, kafeini nyingi, na asidi zile za kundi la klorojeniki ambazo zikiwa hazijavunjwa na moto zinakwaruza ulimi. Ukiiepua mapema inakuwa na ladha ya karanga mbichi na mbao, na uchungu wa kafeini unabaki pale pale. Kuna pia tatizo la uchumaji. Ule ununuzi wa butura, ambao mtu huuza kahawa yake ikiwa bado mtini kwa sababu ya shida, na ambao serikali imeupiga vita mara nyingi, unamfanya mnunuzi achume mbivu na mbichi pamoja. Buni changa haikolei rangi; wenzake wakiwa hudhurungi, yenyewe imebaki na rangi ya mchanga, na chache tu zinatosha kuharibu birika zima. Moto mkubwa huzimeza. Moto mdogo huzianika.

Hukumu yangu ni kwamba robusta ya maganda iachwe motoni mpaka ikaribie mlio wa pili, ila isiuvuke sana. Hapo uchungu wake unatulia, inabaki na uzito wake, na bado haijawa masizi. Hata hiyo, kwa mtu aliyezoea kahawa ya dele, ni hatua ya kwenda kwenye wepesi, na nadhani ndiyo hatua inayowafaa wengi hapa mjini kuanza nayo. Robusta iliyochumwa mbivu peke yake na kuoshwa inaweza kuepuliwa mapema zaidi, lakini ukiambiwa ni hiyo, chunguza kwanza.

Kwenye ufundi wenyewe kuna ukweli mmoja usiopendeza: kukaanga kidogo ni kugumu kuliko kukaanga sana. Anayekwenda mpaka weusi ana nafasi ya kusahihisha, kwa sababu mwisho wa moto husawazisha yote. Anayeepua mapema hana. Sufuria jepesi la alumini juu ya mkaa wa miombo, ambao huwaka kwa ukali, litaunguza ngozi ya buni huku kiini kikiwa kibichi, na kahawa ya namna hiyo ina majani na moshi kwa pamoja. Tumia kikaango kizito cha chuma. Kaanga gramu 150 au 200 tu kwa mkupuo, usiache kukoroga, na ukiona moto unazidi, tandaza majivu juu ya mkaa badala ya kuondoa kikaango kila mara. Mlio wa kwanza uje kati ya dakika ya saba na ya kumi. Ukija kwenye dakika ya nne, umeunguza. Ukipita dakika ya kumi na tano, umeioka, na kahawa ya kuokwa haina uchachu wala utamu, imepooza tu. Milio ikianza kusikika mfululizo, hesabu dakika moja hadi moja na nusu, kisha mwaga yote kwenye ungo. Ungo hufanya kazi mbili: unapoza, na makapi mepesi yanapeperushwa papo hapo, hasa wakati wa upepo wa kiangazi.

Macho hudanganya, maana mwanga wa jikoni si sawa na wa uani. Mizani haidanganyi. Gramu 200 zilizoepuliwa mapema zitarudi na uzito wa gramu 172 hadi 176 hivi. Zikirudi 160, umefika kwenye weusi. Zikirudi 182, bado mbichi. Njia nyingine ni kuitafuna moja ikishapoa. Iliyoiva inavunjika kwa mlio mkavu. Mbichi inanata menoni kama mpira. Hilo la mpira halina dawa, na wengi waliojaribu mara moja wakaapa kutorudia, nafikiri walikunywa hiyo.

Faida moja ya nyumbani haitajwi vya kutosha: moshi. Moshi mzito hutoka kuelekea mlio wa pili na baada yake. Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga yenye uani wa pamoja anaweza kuepua mapema bila majirani kutoka nje kuuliza kinachoungua. Na kwa kuwa mafuta hayajatoka juu ya ganda, kahawa hiyo haichachi upesi. Katika joto la Septemba na Oktoba hilo si dogo. Iache kwenye kopo lililofungwa siku nne au tano kabla ya kuinywa. Ikiwa imetoka motoni sasa hivi, inatoa povu jingi na ladha kidogo.

Kinu ndicho kitakachokushinda. Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu, na mchi huirusha kila upande. Inahitaji mashine ndogo ya mkono. Mashine ya kusaga nafaka usithubutu: kahawa yako itanukia dona, na mteja anayefuata atasonga ugali wa kahawa.

Kwenye maji Tabora ina bahati yake. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96. Kahawa iliyokaangwa kidogo haiachii ladha yake kwa urahisi, inataka maji ya moto sana, na vitabu vingi vya fani hii hupendekeza nyuzi 92 hadi 96. Basi yale maelezo ya kungoja birika lipoe kabla ya kumimina yaandikwe Dar es Salaam. Hapa mimina linapotokota. Gramu 15 za unga kwa robo lita, dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi. Usiichemshe kwenye dele, isipokuwa unataka kwenda njia ya Najd, na ukienda huko usibanie iliki. Tangawizi siipendekezi. Maziwa huifunika, na anayeyataka heri akaange mpaka hudhurungi iliyokolea. Asali ya miombo, kijiko kidogo, inakubali.

Upande wa afya niupite haraka, kwa sababu maneno ni mengi kuliko ushahidi. Kafeini haibadiliki sana kwa moto, kwa hiyo anayekosa usingizi asidhani rangi itamsaidia. Aangalie kama ni robusta au arabika. Asidi za klorojeniki, zinazosifiwa, hubaki nyingi zaidi katika kahawa iliyoepuliwa mapema. Lakini akrilamaidi, isiyosifiwa, nayo hutokea mapema katika kukaanga na kupungua moto unapoendelea. Mwenye kuuza kahawa yake kwa kutaja ya kwanza na kunyamazia ya pili anafanya biashara.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja ambalo mkaangaji wa nyumbani hawezi kulitatua peke yake: kuipata buni yenyewe. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa reli ni kilomita 400 na ushei, lakini kahawa ya Kalinzi haikupangiwa kushuka hapa. Inapita kwenye chama, inakobolewa, inakwenda mnadani chini ya Bodi ya Kahawa, na sehemu kubwa inavuka bahari. Japani, mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa, arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo mnywaji wa Tokyo huenda ameionja Kigoma bila kujua, na wa Tabora anayejua iliko hajaionja. Inayofika sokoni kwetu mara nyingi ni ya kuchanganywa, haina mwaka wala kwao. Kwa kahawa nyeusi hilo si kitu. Kwa ya kuepua mapema, bila kujua msimu na mahali, unacheza bahati nasibu na mkaa wako.

Vyama vya Kigoma na Kagera, na wenye maduka ya Tabora, wanaweza kulimaliza hili bila mradi wala mfadhili: mifuko ya kilo moja ya kahawa safi isiyokaangwa, iliyopita njia halali, yenye maandishi matatu, yaani ilikotoka, msimu, na kama imeoshwa au imeanikwa na maganda. Waanze na ya Kalinzi.